Panya Niliyemnyoa Mara Saba

Kabla hamjaenda mlimani na masanduku yenu mapya ya kutegea, nipeni muda kidogo. Mimi nimestaafu, muda ninao hadi wa kugawa.

Ukimpata panya wa huko juu, usianze kwa kumpima. Mshike kwa ngozi ya shingo, mgongo wake uelekee kwako, halafu mpulizie polepole kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Manyoya yatafunguka duara. Juu utaona nywele ndefu za kahawia, za kumwaga umande. Chini yake yapo manyoya mengine, mafupi, ya rangi ya moshi, laini na yaliyosongamana hivi kwamba ngozi huioni mpaka upulize tena. Panya wa ghalani ukimpulizia unaiona ngozi yake mara moja, naye anakuona wewe mjinga. Huyu wa mlimani anafumba macho. Chuoni tulikatazwa kuandika kwamba mnyama anafurahi, kwa hiyo sisemi anafurahi. Nasema anafumba macho.

Kupuliza sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na mfuga nyuki mmoja juu ya Mabamba, kule Kibondo mpakani na Burundi, baada ya kosa langu ambalo nusura liteketeze kila alichokuwa nacho. Ndilo ninalotaka kuwasimulia. Nikipotea njia mnivumilie. Hata enzi za kazi nilikuwa nasahau mahali nilipoweka mitego.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na shahada moja, buti mbili na ndevu zisizozidi kumi. Katika vijiji vya bondeni watu kadhaa walikuwa wamevimba mitoki, na neno tauni likaanza kutembea sokoni. Mkubwa wangu pale Kibondo, ambaye kila mtu alimwita Bwana Afya, alitaka kujua mambo mawili tu: panya wako wapi, na ni wangapi. Mimi ndiye niliyetumwa kuwauliza.

Lori lilinishusha Kasulu, na chambo nilinunua huko, kwa Mzee Salum, mwenye duka ambaye babu yake alitoka pwani.

"Karanga kilo tatu, ndizi zilizoiva sana, na dagaa kidogo," nikamwambia.

"Una wageni, mwanangu?"

"Ni za panya, mzee."

Akasimamisha mizani. "Utatia sumu gani?"

"Sitii sumu. Wanakula, tunawahesabu, tunawaachia."

Akageukia pazia la nyuma. "Mama Zubeda! Hebu toka umwone kijana wa Chuo Kikuu! Tumemsomesha, sasa anakwenda kupikia panya!"

Mama Zubeda alitoka, akanitazama, akaniongezea ndizi mbili bure kwa huruma. Sikujua kama huruma ile ilikuwa ya panya au yangu.

Chambo chenyewe, andikeni: karanga zikaangwe mpaka zinukie, zitwangwe na ndizi iliyokwisha kuwa nyeusi. Dagaa ni chembe tu, kwa harufu. Kule Kitanga nilizidisha dagaa, na siafu wakafika kwenye mitego kabla yangu. Nilikuta mikia sita. Kwa kuwa nilikuwa mtu wa taratibu, niliipima yote sita nikaiandika daftarini. Daftari lile bado lipo na sitawaonyesha.

Sasa twende Mabamba.

Juu ya kijiji kulikuwa na mlima ambao wenyeji waliuita Mabuye kwa sababu ya mawe yake, na mgongoni mwake kichaka cha msitu cha zamani, kidogo kiasi kwamba ungekizunguka kabla chai haijapoa. Kilimanjaro wangeucheka mlima ule. Lakini asubuhi za Juni ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni upande wa Burundi, unaingia kwenye miti bila sauti, na kila jani likawa na tone lake. Ungesimama pale ukasikia matone yakidondoka mbele, nyuma, mbali, na ukashindwa kujua kama uko macho. Mimi mara nyingi sikuwa macho. Nilikuwa nakaa juu ya jiwe na daftari magotini, nikiota kwamba mlima mzima umevaa manyoya na unapumua.

Katika kichaka kile Mzee Yeremia alikuwa ametundika mizinga ishirini. Yeye na mkewe, Mama Stefania, walivuka mpaka miaka michache kabla, wakiwa na watoto, sufuria moja na shoka. Wenyeji Waha waliwapa nafasi huko juu kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyetaka kulala kwenye baridi ile. Kwa shoka lile Yeremia alichonga magogo, akayatoboa, akayapaka nta, akangoja nyuki. Msimu ule nyuki walikuwa wameingia mizinga kumi na sita. Shamba lake lilikuwa la kuazima na nyumba ilikuwa ya nyasi. Mizinga ndiyo ilikuwa yake.

Nilimwajiri anisaidie kutega. Au tuseme alinikuta nimetega vibaya, akanihurumia.

"Umeweka mtego katikati ya njia yake," aliniambia siku ya kwanza. "Imbeba hapiti katikati ya njia. Wewe ungekuwa mdogo hivi, ungepita katikati?"

Imbeba ndiyo panya kwa lugha yao. Alinionyesha jinsi anavyopita: pembeni mwa gogo lililoanguka, chini ya mzizi, ubavuni kwa jiwe, daima upande mmoja wa mwili ukigusa kitu. Mtego ukae hapo, umelala kama sehemu ya gogo, na ndani uweke nyasi kavu konzi moja. Msisahau nyasi. Panya wa mlimani akikesha kwenye bati tupu anakufa kwa baridi, manyoya au si manyoya.

Mama Stefania alikuwa akituletea viazi vya kuchemsha, na maswali.

"Mwalimu, umesoma miaka mingapi?"

"Kumi na sita, mama."

"Ili uhesabu imbeba?"

"Na kuwapima."

"Ehe," akasema, akamgeukia mumewe. "Stefania akimaliza la saba inatosha."

Njia yangu ya kuhesabu niliitoa chuoni. Ukimkamata panya, unamnyoa kidogo pajani, unamwachia. Ukimkamata tena na alama yake, humhesabu mara ya pili. Asiye na alama ni mgeni, unamwandika. Tulifanya hivyo kwa panya weupe wa maabara, Dar es Salaam, katika joto lile ambamo hata binadamu hana haja ya nywele, na alama zilikaa miezi. Kwa hiyo Mabuye nilinyoa kwa mkasi mdogo wa kushonea, na kwa kuwa niliogopa kuwakata ngozi, nilinyoa kwa adabu, ncha tu.

Nilitega kuanzia Februari. Wageni waliongezeka. Machi waliongezeka zaidi. Mei niliona fahari: kichaka kidogo hivi, panya wengi hivi! Nilianza kusikia jina langu likitajwa kwenye mikutano ya wataalamu.

Mtu pekee aliyeharibu fahari hiyo alikuwa Yeremia.

"Huyu tulimkamata mwezi uliopita," akasema asubuhi moja, akimshika panya jike mwenye pengo dogo kwenye sikio la kushoto.

"Hana alama, mzee."

"Alama imeota."

"Manyoya hayaoti haraka hivyo."

"Kwenu joto, labda. Hapa baridi inakuja. Wewe ulipofika ulikuwa na shati moja, leo una sweta na koti la mvua. Yeye asivae?"

Nilicheka. Nilimweleza habari ya maabara, polepole, kama mtu anavyomweleza mzee aliyekosa shule. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akatoa mfukoni kamba ya gome la mti, akafunga fundo, akairudisha mfukoni. Kila mzinga wake ulikuwa na kamba ya namna hiyo, fundo kwa kila alipoukagua. Sikumuuliza ile ilikuwa ya mzinga gani.

Mwanzoni mwa Julai niliandika taarifa: kichaka cha Mabuye kina panya mia mbili na kumi na mmoja. Niliituma Kibondo kwa lori la chumvi, nikalala usingizi mzuri.

Jibu lilifika haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kuiomba serikali. Bwana Afya aliandika kwamba idadi hiyo inatisha, kwamba panya hao lazima watateremka kwenye maghala ya bondeni, na kwamba Jumamosi kichaka kichomwe chote. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema aliyependa koti jeusi na kazi inayoanza kwa wakati, aliisoma barua mbele ya watu Jumatano mchana. Watu wakakubaliana nani aje na panga na nani na kiberiti.

Nilipanda kwa Yeremia nikiwa na maneno ya kumfariji. Mama Stefania alinikuta mlangoni.

"Kule tulikimbia moto," akasema. "Tumefika hapa, moto umetufuata na karatasi yako."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mizinga tunaweza kuishusha," nikasema.

Yeremia alikuwa amekaa kwenye kigogo. "Ukimhamisha nyuki kwenye baridi hii anakufa. Na ukiacha mzinga mtupu, utautundika wapi? Kwenye majivu?" Akainuka. "Njoo alfajiri. Njoo na mikono, mkasi uache."

Alfajiri hiyo ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba niliufuata mgongo wake kama mtoto anavyofuata nguo ya mama. Alikwenda moja kwa moja kwenye mizinga minne ambayo nyuki hawakuingia, iliyolala kwenye matawi ya chini. Aliufikia wa kwanza, akaondoa kifuniko cha nyuma, akanivuta mkono.

"Tia."

Nikatia mkono gizani. Kwanza niligusa nyuzi za gome, zimechanwachanwa mpaka zikawa kama pamba. Nikapita. Ndani yake nilikuta joto. Joto lile, vijana wangu, sijawahi kulikuta tena popote. Lilikuwa na manyoya na lilikuwa linapumua. Si pumzi moja, ni nyingi, zimepishana kidogo kidogo, kama mvua ya mbali juu ya majani. Walikuwa wamelala lundo moja, pua chini ya tumbo la mwenzake, mikia imezungushwa ndani ili isipigwe na baridi. Mmoja alisogea akanifunika kidole. Nilisahau nilikuwa nimekuja kufanya nini.

"Baridi ikikaza wanakuja hapa wote," Yeremia akasema kwa sauti ya chini. "Kila mwaka. Mimi nawaachia minne. Wakiwa na nyumba yao, ile yenye nyuki hawaisumbui."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliuliza wanapita wapi. Hukuuliza wanalala wapi."

Tuliwahesabu kwa kuwahamisha mmoja mmoja kutoka mzinga hadi gunia, wakiwa wazito kwa usingizi. Arobaini na mmoja. Tulirudia. Arobaini na mmoja. Nikasema kwa ukaidi wa mwisho kwamba pengine wale mia moja na sabini wako kwingine. Ndipo alipomshika jike mwenye pengo sikioni, akampulizia pajani.

Manyoya yakafunguka. Chini ya nywele mpya, ndani kwenye ile rangi ya moshi, palikuwa na mstari ulionyooka. Hakuna mnyama anayezaliwa na mstari ulionyooka. Ulikuwa mkasi wangu.

Tukampulizia mwingine. Mstari. Mwingine. Mstari. Tulikaa pale kwenye ukungu, wanaume wazima wawili, tukipuliza mapaja ya panya, na wote arobaini na mmoja walikuwa wateja wangu. Nilikuwa nimehesabu panya walewale tangu Februari, na kila walipovaa koti jipya niliwakaribisha kama wageni. Yeremia akatoa kamba yake. Ilikuwa na mafundo saba.

"Huyu mama umemnyoa mara saba," akasema. "Nilidhani mnazoeana."

Alhamisi hiyo hiyo nilifunga mzinga mmoja kwenye baiskeli, wenye panya tisa, mdomo wake umezibwa kwa nyasi, nikashika njia ya Kibondo. Nilifika jioni nikaambiwa Bwana Afya yuko safarini, atarudi kesho. Ijumaa saa tano ndipo alipoingia ofisini, akakuta gogo juu ya meza yake.

"Hiki nini?"

"Ni taarifa yangu, mzee. Ile ya kwanza ina makosa."

Nilimweleza. Alikuwa mtu mnene, mkali, asiyependa kurudi nyuma. Alisema agizo limekwisha kutoka na kwamba mtaalamu hawezi kuamka Jumatano ana mia mbili na Ijumaa ana arobaini. Nikamwambia kweli, mtaalamu hawezi, lakini mimi nimeweza. Kisha, kwa kuwa maneno yaliniishia, nikasema kile nilichoambiwa mimi.

"Tia mkono, mzee."

Akavua saa, akakunja shati, akatia. Nikaona uso wake ukibadilika. Watu wawili wenye barua walisimama mlangoni wakingoja, hakuwatazama. Alikaa hivyo, mkono umezama kwenye gogo hadi kiwiko, kama mtu aliyepokea simu kutoka kwao.

"Wana joto," akasema hatimaye.

"Ndiyo, mzee."

"Na hawaumi."

"Kwa sababu ya baridi ya njiani. Wakipata moto wataamka." Na mmoja aliamka wakati huohuo, akapanda mkono wa shati, akapita begani, akajificha nyuma ya kabati la majalada. Hatukumpata tena. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyewahi kuteremsha panya wa Mabuye mpaka mjini, ni mimi.

Bwana Afya aliandika barua mwenyewe, lakini sentensi moja alinilazimisha niiandike mimi. Nilikuwa nimeanza na neno "marekebisho". Akalikata. "Andika ulichofanya," akasema.

Nililala Kitahana kwa mwalimu mmoja, na Jumamosi nikapanda mlima nikisukuma baiskeli, nikitafuta moshi. Ukungu na moshi vikiwa mbali vinafanana. Nilisimama mara tatu kunusa.

Nilipofika juu niliwakuta watu wamekwisha kufyeka ukanda kuzunguka kichaka chote, na mienge iko tayari. Lakini haikuwa imewashwa. Mwenyekiti alikuwa amesimama mbali kidogo, na mbele yake Yeremia, kofia mkononi, akizungumza kwa upole mkubwa.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sikatai agizo. Nasema tu umande haujakauka. Nyasi mbichi hazishiki moto, zinatoa moshi. Moshi ukiingia kwenye mizinga kumi na sita, nyuki watatoka. Sijui wataanza na nani. Ila nyuki huwa anapenda sana rangi nyeusi."

Mwenyekiti alikuwa amelivua koti na kulishika nyuma ya mgongo. Saa mbili nzima walikuwa wakingoja umande ukauke.

Nilimkabidhi barua. Aliifungua akaisoma kwa sauti, kama alivyosoma ile ya kwanza, na akafika kwenye sentensi yangu: "Nilihesabu panya walewale kwa sababu sikujua kwamba manyoya ya huku huota haraka." Kisha mtu mmoja nyuma akarudia, "Walewale!" na mlima mzima ukacheka. Walicheka mpaka wenye mapanga wakakaa chini. Kuanzia siku ile, kutoka Mabamba hadi Kasulu, jina langu lilikuwa Bwana Walewale. Hata Mzee Salum alilipata; nilipokwenda kununua karanga aliuliza kama nataka kilo tatu zilezile.

Mama Stefania hakucheka. Aliingia kichakani, akagusa mzinga wa kwanza kwa kiganja, akagusa wa pili, akaenda hivyo mpaka wa mwisho. Alipotoka alinipa kiazi.

Majibu ya hospitali yalikuja mwishoni mwa mwaka: mitoki ile ilitokana na vidonda vya funza miguuni. Hakukuwa na tauni. Kungekuwa na majivu tu.

Msimu uliofuata wa asali Yeremia aliteremka hadi nilipopanga akiwa na kibuyu, na kitu kingine kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa yule jike wa pengo la sikio. Alimkuta amekufa mwenyewe, kwa uzee, katikati ya pamba ya gome katika mzinga wake. Nilimchuna kwa uangalifu ambao sijawahi kumfanyia panya mwingine, nikamjaza pamba, nikamlaza tumbo chini kama utaratibu unavyotaka.

Yumo kwenye kabati la ngozi za wanyama, droo ya tatu, mnapopita kila siku kwenda kwenye mashine zenu. Mmoja wenu aliniuliza mwaka jana kwa nini panya yule peke yake hana kibandiko mguuni, ana kamba chakavu. Chukueni ufunguo, mtoeni, mpulizieni paja la kulia. Mstari bado upo. Halafu hesabuni mafundo. Saba ni yangu. La nane alilifunga Yeremia mbele yangu, mlangoni kwangu, siku alipomleta, na baada ya kulifunga akanipa kamba.